Mshipi wa Rangi Kwenye Taa ya Mnara

Tarehe 4 Februari

Kwa mjukuu wangu Kidole,

Salamu nyingi kama mchanga wa jangwani. Mimi mzima, na kama wewe si mzima basi pona haraka usome habari hii. NIMEMALIZA. Sehemu ya tatu ya gemu yetu ya Mnara nimeimaliza peke yangu, bila mtu kunishikia rimoti, bila mtu kuninong'oneza "Babu ruka, Babu ruka." Ulipoondoka kwenda kwenye kazi yako ya wino uliniachia mashine ya gemu ukasema, "Babu, lile daraja hulipiti." Nimelipita. Nikarudi nikalipita tena, safari ya pili kwa dharau tu.

Usicheke mwandiko. Unajua shule mimi niliingia mlangoni nikatokea dirishani, herufi nilifundishwa ukubwani na marehemu bibi yako. Lakini kichwa ninacho. Sasa sikiliza. Nyinyi mnaopiga soga kijiweni kwenu mtandaoni mmeshindwa na swali moja miaka yote. Mlinzi wa mnara anawasha taa kila jioni misafara isipotee jangwani. Sawa. Mkewe mfumaji anamfumia mshipi wa nyuzi za rangi zote, halafu sehemu ya pili dhoruba inamchukua mke na mshipi wake, hawaonekani tena. Sawa. Sehemu ya tatu Mlinzi anashuka ngazi, anakwenda zake, hageuki nyuma. Na taa inawaka! Nani ameiwasha?

Jibu ninalo. Ni mkewe. Tazama taa mwisho kabisa, imezungukwa na duara la rangi, nyembamba, nzuri. Ule ndio mshipi! Yuko pale juu, amejifunga kwenye taa. Waambie wenzako Babu ameona.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Maneno ya simu hupeperuka, kesho utasema sikusema. Andika, tia saini.

Kichwa kinaniuma kidogo upande mmoja, ni kwa kufikiri. Leo dukani kwangu mwalimu mkuu nimemnyoa, panki ya nywele zake imelala upande. Alitikisika mwenyewe.

Babu yako, Bingwa wa Daraja

*

Tarehe 13 Februari

Babu shikamoo,

Hongera! Nimesoma barua yako kiwandani kwa sauti hadi msimamizi akazima mtambo asikilize habari za daraja. Mama Gundi, yule anayebandika majalada, anakusalimu. Anasema kinyozi mwenye majivuno ndiye anayenyoa vizuri.

Kijiweni nimewapelekea. Babu, usikasirike, wamecheka. Yule anayejiita Popo, ambaye ameicheza sehemu ya tatu mpaka anaiota, amesema, "Mwambie babu yako afute kioo cha televisheni." Mimi mwenyewe nilirudi nikatazama ile taa hadi macho yakatoa machozi. Naona taa. Duara silioni.

Lakini nakujua, hutungi uongo, unaongeza chumvi tu. Hebu niambie, rangi zimepangwaje? Ipi ya ndani, ipi ya nje? Mimi kazi yangu ni kuchanganya wino, mambo ya rangi hunidanganyi.

Na mistari yako inapanda mlima siku hizi, herufi zimekuwa kubwa kama za bango. Meza imevunjika mguu?

Mjukuu wako, Kidole

*

Tarehe 21 Februari

Kidole,

Marahaba. Popo! Mtu amejiita mnyama asiyeona mchana halafu anabishana na mimi habari ya kuona. Mwenye macho haambiwi tazama.

Andika hivi, wala usipunguze neno. Ndani kabisa ni buluu inayokaribia zambarau. Kisha kijani. Kisha manjano. Nje kabisa nyekundu. Haukosei siku hata moja, mpangilio ni ule ule. Mtu wa kubuni angekosea.

Nyinyi hamuoni kwa sababu mnacheza mmewasha mataa ya chumba kama mnafanya arusi. Mimi nafunga mapazia yote mchana, naweka na shuka la kunyolea dirishani, giza linakuwa la kukata kwa kisu. Nakaa. Kwanza huoni kitu. Unakaa tu. Ukianza kusikia uzito juu ya jicho, hapo anakuja. Ni mwanamke wa haya, hatokei kwa watu wenye haraka.

Meza nzima. Ni karatasi za siku hizi, zimeteleza.

Shangazi yako alipita akasema mbona nakaa gizani kama mchawi. Nikamwambia niko kazini.

Babu yako, Mwenye Macho

*

Tarehe 3 Machi

Babu shikamoo,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kijiwe kimewaka moto.

Niliandika mpangilio wako wa rangi neno kwa neno. Popo akaenda kuchimbua habari za zamani kutwa nzima. Kisha akarudi akasema kuna sahani za gemu, diski za kwanza kabisa za sehemu ya tatu, zilizotoka na vitu ambavyo baadaye waliviondoa. Kwamba labda ile yetu, tuliyoinunua kuukuu kwa fundi redio, ni mojawapo! Wamekupa jina. Unaitwa Babu wa Mnara. Kuna mtu amechora taa na mshipi wake, buluu ndani, nyekundu nje, watu wanaigombania.

Na kuna kubwa zaidi. Sehemu ya nne inatoka mwezi wa tano. Watengenezaji wamesema watajibu swali moja tu la wapenzi wa gemu, na kijiwe kimepiga kura. Limepita swali lako: je, ni mfumaji anayewasha taa?

Tunaomba kitu kimoja. Nitumie sahani yako kwa dereva wa basi la mizigo niijaribu kwenye mashine yangu. Nitaitunza kama yai.

Bado kichwa kinauma?

Mjukuu wako, Kidole

*

Tarehe 11 Machi

Kidole wangu,

Jina nimelikubali. Nimemwambia fundi viatu wa jirani, nimemwambia mwalimu mkuu, ingawa siku hizi ananyolewa kwingine. Kila anayekaa kitini anasikia. Mmoja akasema, "Mzee, ninyoe kwanza, umaarufu baadaye." Hana adabu.

Sahani hiyo nimeifunga kwa taulo safi la kazini. Dereva nimemwapisha. Imeniuma kuitoa, sasa mchana nakaa kibarazani nahesabu inzi.

Lakini nikuambie jambo, na hili usilipeleke kijiweni bado. Mshipi umenifuata. Juzi jua limezama, nimesimama mlangoni, taa ya nguzo ya barabarani ikawaka, nikauona. Buluu ndani, nyekundu nje. Nikageuka kwenye taa ya duka la dawa. Upo. Hata balbu ya kwangu ukumbini. Nilisimama pale kama kijana aliyeahidiwa kitu. Nikasema, shikamoo mama, hata huku?

Sikuogopa. Mimi siogopi. Ila jicho la kushoto lilikuwa linagonga kama mlango, na usiku huo nilitapika. Chakula cha jana, nilikipasha vibaya.

Gemu ngapi zinaweza kumfuata mtu hadi barabarani? Waulize.

Babu wa Mnara

*

Tarehe 19 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mkononi kwa sababu nimekupigia simu tangu jana na umeiweka tena kwenye droo.

Sahani imefika. Nimeicheza kama ulivyosema, mapazia chini, giza. Nimekaa. Hakuna duara, Babu. Ni sahani kama za wengine wote.

Nikawa nawasimulia kazini kama kichekesho, kwamba Babu anamwona mfumaji hadi kwenye nguzo ya umeme. Wote wakacheka. Mama Gundi hakucheka. Aliacha brashi ndani ya kopo, akaniuliza, "Buluu ndani, nyekundu nje? Na kichwa upande mmoja? Na anatapika?" Kaka yake alikuwa anaona hivyo hivyo kila taa inapowaka, akawa anawaambia taa zimevaa shanga. Walicheka pia. Leo kaka yake anashikwa mkono kwenda msalani.

Ni maji ya ndani ya jicho, Babu. Yamekosa njia, yanasukuma. Na kukaa gizani ndiko kunakozidisha. Kinachopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa, na ni cha kuwahi, si cha wiki ijayo. Shangazi atakuja Ijumaa akupeleke hospitali ya macho. Tafadhali nenda.

Wewe ulikuwa unaniambia unaumwa, barua baada ya barua, na mimi nakupigia makofi.

Kidole

*

Tarehe 24 Machi

Kwa mchanganya wino,

Shangazi yako alikuja na kanga begani kama anakwenda msibani. Nilikuwa namnyoa mtu ndevu. Nikamwambia akae foleni. Alipoanza kulia mbele ya wateja nikafunga duka kwa ndani, mimi na mteja wangu, nikammaliza kwa wembe, akatoka na tone moja tu la damu. Kipofu ananyoa kwa wembe?

Nimekutumia sahani ina mshipi, wewe unaniambia haina. Sasa nani wa kuulizwa? Popo ameibadilisha, mwulize vizuri.

Halafu fikiri, wewe uliyesoma. Mwanamke amekaa juu ya mnara gemu nzima akingoja mtu mmoja amtambue. Watu wote wenye macho mazima wamempita. Nimemtambua mimi, mzee wa wembe, na huku nje ananijia mpaka mlangoni. Tangu bibi yako aondoke hakuna aliyekuja mlangoni kwangu jioni ila wa kutaka kunyolewa. Ndio mnataka daktari amfute?

Siendi. Na swali langu lisiondolewe.

Kinyozi

*

Tarehe 28 Machi

Babu,

Sawa. Usiende.

Sikubembelezi tena, maana wewe ukisukumwa unakuwa ukuta. Tubishane tu, kama zamani. Mimi nasema huoni vizuri. Wewe unasema unaona. Basi tupimane, kinyozi.

Asubuhi, kabla ya wateja, kaa kwenye kile kiti chako, cha mteja. Shangazi azipange chupa zako kwenye rafu chini ya kioo, spiriti, mafuta, poda, na ile ya manukato usiyoruhusu mtu aiguse, kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho. Wewe usitazame anapopanga. Kaza macho kwenye ule msumari wa katikati ya kioo, ziba jicho la kulia kwa taulo, usigeuze kichwa. Taja unachokiona. Ukizitaja zote, nitaandika kijiweni kwa jina langu kwamba Babu yuko sahihi na mjukuu wake ni mjinga, na Popo nitamlazimisha akuombe radhi.

Usipozitaja, hakuna atakayejua ila wewe na shangazi.

Mimi nasema huwezi. Bisha.

Kidole

*

Tarehe 9 Aprili

Kidole,

Marahaba zile zote ulizonidai.

Kwanza elewa kwamba sikwenda hospitali kwa sababu ya chupa zako. Chupa niliona. Ile ya spiriti sikuitaja kwa kuwa ilikuwa tupu, na kitu kitupu mtu hakitaji. Ya manukato shangazi yako aliiweka vibaya. Nilimwambia hivyo. Akaniondolea taulo jichoni, na mimi nikageuza kichwa, nikaiona imekaa pale pale palipo mahali pake siku zote.

Nikavaa kofia. Nikamwambia twende, nina shughuli mjini.

Daktari ni msichana mdogo kuliko wewe. Nikamwuliza umeanza kazi lini, akasema leo asubuhi, akacheka. Nimempenda. Ameniambia kama Mama Gundi wako alivyosema, maji yamebanwa. Amenipa dawa, kisha akatoboa jichoni kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano kwa mwanga. Kwa mwanga, Kidole, hakuna kisu! Nilikaa imara, akasema hajaona mzee anayekaa imara hivyo. Jicho la kulia nalo akalitoboa kwa kinga. La kulia limesalimika. La kushoto kilichokwenda kimekwenda, limebaki la kuona katikati tu, pembeni ni vivuli. Alisema ningechelewa wiki chache tu, ningekuwa na hadithi nyingine.

Jioni niliporudi nilisimama mlangoni. Taa ya nguzo ikawaka. Nikangoja. Ilikuwa taa. Balbu na kopo lake la bati na wadudu. Nikaangalia ya duka la dawa. Taa.

Nilisimama hadi shangazi yako akaniita ndani.

Wembe nimeuweka. Nanyoa kwa mashine tu, ni fasheni, vijana wanapenda mashine.

Kijiweni waambie unavyotaka. Swali liondoeni.

Babu

*

Tarehe 2 Mei

Babu yangu, shikamoo,

Nililia kiwandani nikatia machozi kwenye wino wa manjano, ikabidi tuumwage wote.

Kijiweni nimewaambia kweli yote, hata zile chupa, nisamehe. Nilidhani watacheka. Popo aliandika jambo moja tu, "Mwambie Babu wa Mnara ninaomba radhi kuhusu kile kioo cha televisheni." Na swali hawakukubali liondoke. Wamesema lilipigiwa kura.

Basi liliulizwa. Jana watengenezaji walijibu, tumekaa wote tunatazama. Aliyejibu ni kijana mwenye miwani, akajikuna shingo, akasema hakuna anayeiwasha ile taa. Walisahau kuizima! Walikuwa na haraka ya kumaliza, picha ya mwisho ikatoka inawaka hivyo hivyo, na hakuna aliyeona mpaka watu walipoanza kuuliza. Miaka yote hiyo, Babu. Kijiwe kimekuwa kama nyumba ya msiba. Kuna waliosema hawachezi tena.

Sehemu ya nne nimeinunua. Sijaifungua. Sijui kama ina maana tena, wala sijui kama wewe bado unataka.

Mjukuu wako, Kidole

*

Tarehe 10 Mei

Kidole,

Walisahau! Na nyinyi mmekubali! Kijana wa miwani anajikuna shingo na kijiwe kizima kinakunja virago. Mimi nimetengeneza vichwa vya watu maisha yangu yote. Kichwa kikishatoka dukani kwangu si changu tena, kinakwenda kuoa, kinakwenda kufiwa, mimi najuaje? Yeye kajenga mnara tu. Nani anakaa mle hajui. Kusahau! Mtu anasahau mwavuli. Taa inayowaka juu ya jangwa zima mtu hasahau, kuna aliyemsahaulisha.

Nimeazima sahani nyingine kwa fundi redio nikacheza tena, mapazia wazi, jicho la kulia. Mshipi haupo, nakubali, na hilo usiliseme kwa sauti. Lakini nimeona kitu kingine ambacho mbumbumbu wote mmekipita. Nitakueleza ukija. Siandiki, Popo ataiba.

Kwa hiyo usiifungue hiyo sehemu ya nne huko. Njoo nayo. Likizo uombe, mwambie msimamizi ni jambo la kitaalamu. Nitakuonyesha wanavyocheza watu wazima.

Ila kuna utaratibu mpya hapa nyumbani. Tukikaa mbele ya televisheni, rimoti nashika mimi. Wewe utakaa kushoto kwangu. Kikija kitu kutoka upande huo, sema.

Usiulize kwa nini. Kaa tu kushoto.

Babu yako